Kijiti cha Ufagio Hadi Manguredjipa

Mama zangu wa kwaya, Jumapili tatu sasa mnanizunguka baada ya misa mkiniuliza kwa nini niliondoka Beni kabla ya matanga ya shangazi kuisha, na kwa nini nilirudi Butembo siku kadhaa baadaye na matope hadi masikioni. Nimekuwa nikijibu, "Kazi tu." Si kweli, na ninyi si wajinga. Wengine mmesema nilifuata dhahabu. Mmoja, ninayemjua kwa sababu anaimba sauti ya pili karibu na sikio langu, amesema nilifuata mwanamume. Kwa umri huu wangu, asante sana. Naandika mara moja ili nisisimulie kwa mdomo, maana kwa mdomo sifiki mwisho.

Mnajua kwamba tangu mume wangu afariki nimekaa kwenye benchi lake karibu na soko, nikifungua kabureta za pikipiki, za vinu vya unga na za jenereta. Mnanusa petroli kwenye vidole vyangu kila tunaposhikana mikono ya amani. Lakini sijawahi kuwaeleza kazi yenyewe. Kabureta ndiyo inayoipimia injini petroli yake. Ndani yake mna kitu tunachokiita gicleur, kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi, chenye tundu katikati, na petroli yote hupita humo. Tundu likiziba, injini inakufa. Likipanuka, injini inakunywa kama mlevi anayelipiwa na mwingine.

Mume wangu alinifundisha sheria moja kabla ya nyingine zote: chuma hakiingii kwenye tundu la shaba. Tundu husafishwa kwa petroli, kwa pumzi na kwa kijiti cha ufagio. Na sisi watu wa kabureta wa pale sokoni tuna desturi yetu. Ukimaliza kusafisha, unakwarua alama yako ndani ya kikombe cha kabureta kabla ya kukifunga, ili atakayekifungua baadaye ajue nani alipita humo. Yangu ni msalaba mdogo wenye nukta chini.

Beni hadi Butembo

Siku ya pili ya matanga niligundua kwamba vitenge vya familia vilikuwa bado kwa fundi wa kushona Butembo. Nikapanda pikipiki ya Mbusa, kijana wa jirani yake shangazi, ili nivichukue na kurudi jioni. Vitenge hivyo havijafika Beni mpaka leo, na dada za marehemu hawanisemeshi.

Mbusa anaendesha vizuri na anazungumza zaidi ya anavyoendesha. Pale Maboya, njiani, tulisimama kula mahindi ya kuchemsha, na hapo ndipo aliponiletea hadithi, kwa namna ya mtu anayeleta habari za mbali ili mwenzake asisinzie.

"Mama, unajua mambo ya Kakule wa Manguredjipa? Ule wa moto rouge, ile pikipiki nyekundu?"

"Simujue," nilimjibu, nikitafuna.

"Bibi yake wa ndoa alikuwa na mimba ya kumaliza miezi. Ku zahanati ya kule bakasema bafike Butembo mbio. Kakule akatia essence, petroli ile ya siku yote, litre ine. Ile moto yake, na litre ine inafikaka Butembo na inabakisha. Lakini ile siku inatoa moshi mweusi, bougie, plagi yake, inakuwa nyeusi kabisa, na essence inaisha mu katikati ya pori. Mutoto akazaliwa ku barabara. Hakulia ata kidogo."

Nikaweka hindi chini. Nilimwambia pole, kama tunavyosema sote. Halafu nikauliza watu wanasemaje.

"Banasema ni Papa Kasereka, diacre, shemasi moja, anauzishaka essence mu chupa. Banasema alichanganya essence na mafuta ya taa. Bamevunja chupa zake zote. Mu kanisa bamemutoa mu budiacre. Na ye mwenyewe hasemi kitu, anakaa tu."

"Juu ya nini banajua ni essence?"

Mbusa alicheka. "Juu carbu ilikuwa ya kusafisha mupya, mama! Kakule alitoka kuisafishisha Butembo, ku ile mama ya soko mwenye mikono ya kweli. Yeye njo alisafisha. Basi haiwezi kuwa carbu."

Hakujua kwamba mama huyo alikuwa amekaa mbele yake na punje za mahindi mdomoni. Yeye ni mtu wa Beni, ananijua kwa jina la mpwa wa marehemu tu.

Nami nikaikumbuka siku ile. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Musienene, pikipiki tano zinanisubiri, na kijana mmoja mwenye pikipiki nyekundu anasema mke wake hapendi kubaki peke yake. Kijiti changu kilivunjika ndani ya gicleur yake. Ningeiloweka, ningengoja, ningepuliza. Badala yake nilichomoa uzi mmoja wa chuma kwenye kebo ya zamani ya klachi na kusukuma. Nikasikia kukwaruza kidogo. Vidole vinajua kabla ya kichwa kujua, na vyangu vilijua. Nikafunga, na kabla ya kufunga nikakwarua alama yangu kama kawaida, msalaba na nukta.

Kwa hiyo jina langu zuri ndilo lililomhukumu yule mzee. Kama ningekuwa fundi mbovu, wangeifungua kabureta kwanza.

Butembo

Sikwenda kwa fundi wa vitenge. Nilikwenda kwenye benchi, nikachukua bisibisi ndogo, vijiti vitatu vya ufagio, na gicleur mpya ya namba ile ile ya tundu kama ya pikipiki nyekundu, nikaifunga kwenye kona ya leso na kuitia kifuani. Mbusa alikuwa amesimama akiutazama ubao wa kabureta wenye jina langu, na sura yake ikibadilika.

"Kumbe mama, njo wewe!"

"Njo miye. Nipeleke Manguredjipa."

Uso wake ukang'aa. Alidhani nimekasirika kwa kusikia kazi yangu ikitajwa kwenye kesi, na kwamba nakwenda kutoa ushahidi dhidi ya mzee. "Ni muzuri, mama. Uende ubaonyeshe kama carbu yako haina kosa." Sikumsahihisha. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya Manguredjipa ni ndefu, nami nilikuwa bado sijapata mdomo wa kusema.

Kizuizini

Saa chache nje ya mji palikuwa na kamba iliyofungwa barabarani na vijana wawili, mmoja amevaa koti la kijeshi lisilo lake. Walipekua mfuko wangu, wakaona hamna kitu cha thamani, na ndipo nikafanya kosa la kujishika kifua. Huyo wa koti, nitamwita Koti, akataka leso. Alipoifungua, gicleur ikameta juani kama dhahabu.

"Wolo!" alipiga kelele. "Mama ameficha wolo!"

"Si wolo. Ni gicleur ya moto."

"Gicleur njo unalalisha mu kifua?"

Nami nimezaliwa na hasira, mnanijua. Nilimwuliza tangu lini mtu akabeba dhahabu kuipeleka Manguredjipa, kule inakochimbwa, kama mtu anayebeba viazi kuvipeleka Musienene vinakolimwa. Mwenzake alicheka mpaka akakaa chini. Koti hakucheka. Aliiuma gicleur kwa meno, akaikwangua kwa kisu, akaiweka mfukoni, na kutuambia tungoje mkubwa wake aje aiangalie.

Tulingoja tangu saa saba hadi saa kumi na moja. Nilikaa kwenye jiwe na macho yangu kwenye mfuko wa lile koti. Kama kisu kingeingia kwenye tundu, nisingekuwa na la kuonyesha. Mkubwa alipofika alikuwa mzee mwenye ndala. Aliitazama mara moja, akaichungulia anga kupitia tundu lake, akasema, "Ni ya carbu, bajinga," na kunirudishia kwa mikono miwili. Akaniuliza kama ninaweza kumtazamia jenereta yake nikirudi. Tundu lilikuwa salama.

Matope

Siku ya pili ya safari barabara iliisha. Nasema iliisha, kwa sababu mbele yetu palikuwa na lori limezama hadi kwenye milango, jingine nyuma yake, na matope kati ya msitu na msitu. Akina mama walikuwa wamekwisha kugeuza mahali pale kuwa soko. Mmoja alinipa ndizi ya kuchoma na maharagi kwenye jani, akakataa malipo kwa sababu, alisema, nina uso wa mtu anayekwenda kuzika.

Kulikuwa na mpasua mbao ambaye angeweza kukata magogo ya kutandika chini ya magurudumu, lakini msumeno wake wa injini, tronçonneuse, ulikuwa umekataa kuwaka tangu asubuhi. Mbusa, mdomo wake usio na kufuli, akatangaza, "Docteur wa carbu wa Butembo iko hapa!" Watu wakanifungulia njia.

Nilikaa kwenye gogo na kufungua. Kabureta ya msumeno ni ndogo, unaweza kuifumba kiganjani. Kichujio chake kilikuwa kimejaa unga wa mbao. Kazi ya kupuliza tu, hata mtu asiyejua angeifanya. Lakini nilipotoa kijiti cha ufagio, nilikitazama tu, nikakirudisha mfukoni. Mpasua mbao aliniuliza kama kimevunjika. Nikapuliza, nikaosha kwa petroli, nikapuliza tena, sikuchomeka kitu. Msumeno ukawaka kwa mvuto wa tatu, watu wakashangilia, nami nikaenda nyuma ya lori na kulia.

Mbusa alinifuata. Nikamwambia yote, uzi wa klachi, kule kukwaruza, alama. Alitazama huku na huku kama kuna anayesikia. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, turudiye. Hakuna mutu anajua."

"Wewe unajua."

"Miye sitasema. Ile mutoto hatarudiya. Na wewe benchi yako itakufa, utakula nini? Papa Kasereka, batu batasahau."

Sitawadanganya, niliyafikiria maneno yake. Nilifikiria mlango wa nyumba yangu na kitanda kikavu. Magogo yalikuwa yakianguka moja moja, barabara ikifunguliwa kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe, na ningeweza kuitumia kwenda mbele au kugeuka. Nikamwuliza Mbusa, watu wakisahau, mzee mwenyewe atasahau? Alipanda pikipiki na kuigeuzia mbele.

Manguredjipa

Tulifika siku ya tatu, mchana. Kwa Kakule hapakuwa pagumu kupaona, pikipiki nyekundu ilikuwa imeegemea ukuta na majani yameanza kuota kwenye gurudumu. Kakule mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, na aliponitambua aliinua mikono yote miwili, akanisalimu kwa Kinande.

"Wabukire, mama! Umetoka Butembo mpaka huku kutupatia pole?"

Ningependelea anipige. Alinikalisha kwenye kiti pekee, akaita majirani waje wanione, akamwambia dada yake alete chakula. Kikaja bugali na sombe, majani ya muhogo, yenye samaki, sahani ya mgeni wa heshima. Mke wake, Masika, alikuwa ndani. Hatoki, Kakule aliniambia, tangu siku ile.

Kwetu mgeni hakatai sahani. Nilinawa mikono, nikaitazama sahani, mikono ikabaki hewani. Nikasema nitakula baadaye, kwanza nina neno, na kwamba Papa Kasereka aitwe.

Jirani mmoja akasema, "Bon, mama amekuja kumushitaki." Wakaenda kumleta kwa haraka, na hiyo haraka iliniumiza. Alikuja mzee mrefu mwenye shati lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Alisimama pembeni. Hakuna aliyempa mahali pa kukaa.

Nikapiga magoti kando ya pikipiki, nikafunga petroli, nikafungua kikombe cha kabureta na kukipitisha mbele ya watu. "Munaona hii croix, hii musalaba, na nukta? Ni alama yangu. Mutu mwingine hajafungua hapa." Nikatoa gicleur ya zamani, nikafungua leso na kutoa mpya. "Ni za namba moja, zinafanana. Tundu zao zinapaswa kuwa sawa."

Nilichomeka kijiti cha ufagio kwenye ile mpya. Kikakaa, kimesimama wima. Nilikitoa na kukitia kwenye ile ya zamani. Kikapita, kikaanguka vumbini.

Nilirudia mara tatu. Mara ya nne nilimpa Kakule afanye mwenyewe, na kijiti kikaanguka kati ya miguu yake.

"Essence ya Papa Kasereka haina kosa," nilisema. "Ni miye. Nilitia chuma mu tundu juu ya haraka. Tundu ikapanuka, moto ikaanza kukunywa. Nilijua kama nimeharibu, na nilinyamaza."

"Ulijua?" Kakule aliuliza.

"Nilijua nimeharibu. Sikujua itafika wapi."

Aliweka gicleur chini taratibu, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Mama mmoja jirani alinitupia maneno ya Kinande ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi itakayosomwa na kwaya. Nilibaki kwenye magoti. Waliokuwa wamevunja chupa walitazama ardhi, na nilijua ni akina nani kwa namna walivyoitazama.

Papa Kasereka ndiye aliyesema kwanza.

"Miezi mbili naomba Mungu alete mushuhuda," alisema. "Sikufikiria atakuja akipiga magoti." Akageuka na kuondoka. Nilidhani amekwenda zake, na ingekuwa haki yake. Lakini alirudi na chupa moja ya petroli, iliyosalia, aliyokuwa ameificha chini ya kitanda. Aliiinua juani ili kila mtu aone rangi yake, akazunguka nayo kutoka uso hadi uso. Kisha akaimimina yote kwenye tangi la pikipiki nyekundu.

Kakule alirudi, macho mekundu. "Tia ile mupya," aliniambia. "Urudishe carbu."

Nilifunga gicleur mpya. Akapiga teke, injini ikawaka, ikatulia kwenye mlio safi, bila moshi. Sijawahi kuchukia mlio mzuri kama siku ile.

Na kwa mlio huo Masika akatoka. Alikuwa msichana tu, amejifunga kitenge kifuani, ameshika fremu ya mlango. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mbao. Aliitazama pikipiki, kisha akanitazama mimi.

"Na hii ya mupya," aliuliza, "ile siku tungefika?"

Mama zangu, nilikuwa na maneno mengi tayari. Mungu ndiye anayejua. Saa ya mtu ikifika imefika. Ni yale tunayoyasema kwenye matanga yote, na nilikuwa nimeyasema Beni siku chache kabla, kwa ajili ya shangazi.

"Mungefika," nilisema.

Aliendelea kunitazama. Akasema, "Bote banasemaka ni mapenzi ya Mungu." Akakaa kizingitini, na kwa muda mrefu akalia, na Kakule alizima injini, akaenda kukaa karibu naye. Hakuna aliyeniambia niondoke, kwa hiyo sikuondoka.

Aliponyamaza alisema, "Weka alama yako. Karibu na ile ya zamani. Sitaki ifutwe."

Nikafungua kikombe tena, nikakwarua msalaba wa pili na nukta yake kando ya ule wa kwanza. Nilipomaliza, Masika alinyoosha kidole kuelekea kwenye kiti.

"Chakula yako imeshakuwa baridi," alisema.

Nikanawa, nikala, mpaka sahani ikaisha. Papa Kasereka aliletewa kiti kutoka kwa jirani, akala pamoja nami.

Kurudi

Njia ya kurudi sina la kusema juu yake, ila jenereta ya yule mzee wa ndala, niliyoisafisha kwa kijiti, nayo inafanya kazi.

Hapa sokoni, wiki hii, nimewaambia wateja kosa langu kwa sentensi moja, kabla ya kusimuliwa. Wateja wamepungua. Watu wana masikio, na wana haki yao. Mkiniuliza kama nimesamehewa, hata sijui ni nani wa kumwuliza, na naomba msinijibie kwa mstari wa wimbo.

Lakini juzi Mbusa alipita kwenye benchi akitoka Manguredjipa na furushi. Ndani mlikuwa na kabureta ya pikipiki nyekundu. Imeingiwa na matope, Kakule anaomba nisafishe. Papa Kasereka anauza tena, Mbusa alisema, na amerudi kukaa mbele kanisani, mahali pa mashemasi.

Nilifungua kikombe. Misalaba yangu miwili ilikuwa pale, na chini yake palikuwa na mkwaruzo wa tatu, mstari mfupi usionyooka, wa mtu asiyezoea kushika msumari.

"Ni Masika njo alikwarua," Mbusa alisema. "Alisema, hiyo ni ya mutoto. Na alisema mama asifanye mbio."

Wateja wawili walikuwa wanangoja. Niliwaambia wangoje. Nikailoweka gicleur kwenye petroli, nikachukua ufagio, nikaanza kutafuta kijiti kimoja kilichonyooka.